Ziwa Lililoshibishwa

Kila asubuhi kabla ya kutega, Mwinjuma alichota maji ya ziwa kwa bakuli jeupe, akaliweka juu ya jiwe, akachuchumaa kungoja yatulie. Lilikuwa bakuli la bati lililopakwa rangi, limebanduka ukingoni. Mkewe Hidaya alilipata kwa Mhindi mmoja wa Morogoro, akampa kambale wakavu. "Ukitaka kuona kitu kidogo majini," Hidaya alikuwa akisema, "kitandikie weupe chini." Na kweli. Maji yakitulia, nukta zinaanza kujitokeza, ndogo kuliko mbegu za mchicha, na kila nukta inaruka. Juu, chini kidogo, juu tena, kama mtu anayepanda kilima chenye utelezi. Viroboto vya maji. Hidaya akiviona vingi, hutega mgono wake pale pale. Akiona bakuli tupu, huhamia upande mwingine. Hakuwahi kueleza kwa nini. Mwinjuma naye hakuwahi kuuliza, na sasa hapakuwa na wa kumwuliza.

Hidaya alikufa kwa homa mwaka ule ule reli ya Wadachi ilipofika Morogoro.

Ziwa lenyewe ungelizunguka usichoke. Mto ushukao kutoka Uluguru ulihama njia yake zamani za kale, ukaiacha kona moja imejaa maji chini ya Mlali, imezibwa huku na huku kwa matete. Lilikuwa mali ya ukoo wa Hidaya, kama mashamba yote ya pale yalivyokuwa ya ukoo wa Hidaya. Maana kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, shamba ni la mama zake na wajomba zake, na mwanamume akioa huhamia kwa mkewe na jembe lake begani. Akiishi vizuri na watu, husahau kwamba ni mgeni. Mke akifa, hukumbushwa. Arobaini ikishapita, hufunga mzigo na kurudi kwa mama yake, na kama mama hayupo, kwa yeyote aliyebaki upande wa mama.

Wangekuwa na mtoto, mambo yangekuwa mengine. Baba wa mtoto wa ukoo hafukuzwi. Walimpata mmoja, akaishi masika moja tu. Alizikwa nyuma ya nyumba, na mama yake naye akalazwa ubavuni mwake.

Arobaini ilipopita, alikuja Yunusi, kaka mkubwa wa Hidaya, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli katika ukoo. Alikaa kwenye kigoda, akavuta ugoro, akapiga chafya, akafuta macho. Mwinjuma alijua analotaka kusema, akamwacha alitafute.

"Shemeji, hapa tumekuzoea," Yunusi akaanza.

"Nami nimewazoea."

"Ila nyumba isiyo na mke, tena ukweni, ni kama kinu kisicho na mchi. Watu watauliza kinatwanga nini."

Mwinjuma akaitazama migono iliyoegemezwa ukutani, ile mitego mirefu ya fito ambayo samaki huingia kwa mdomo mpana asijue pa kutokea. "Waambie kinatwanga samaki," akasema.

Yunusi akacheka, akajizuia, akacheka tena. "Haya. Keti basi, utege, ukoo upate kula. Wakiuliza, nitawaonyesha sahani. Lakini siku sahani ikiwa tupu, shemeji, nami sitakuwa na la kuwajibu."

Hivyo ndivyo alivyobaki. Alibaki kwa ajili ya makaburi mawili na mlango mmoja, na kilichomshikilia pale kilikuwa samaki.

Siku za kwanza hakuona upweke, aliona kazi. Upweke ulikuja kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda ndani ya mtumbwi wenye ufa. Alipika ugali wa watu wawili bila kukusudia, na nusu yake ikalala. Alianza kutaja kwa sauti mambo anayoyafanya: sasa nafunga mlango, sasa nakwenda majini. Asia, mke wa Yunusi, alipita siku moja akamsikia, akadhani ana mgeni ndani. Alipochungulia akakuta mtu peke yake anazungumza na sufuria, akaondoka kimyakimya asimwaibishe.

Kisha samaki wakapungua.

Huenda sababu haikuwa ya ajabu. Kambi ya reli kule upande wa Mafiga ilikuwa na vinywa vingi, na Mwinjuma alikuwa akipeleka samaki huko, akirudi na chumvi na kipande cha sabuni. Alitega zaidi, na wanaozaa walitoka pamoja na waliozaliwa. Lakini yeye hakulitazama jambo hivyo. Yeye alikumbuka mkono wa Hidaya.

Pale ziwani palikuwa na desturi waliyoiita kulilisha ziwa. Kila mwaka masika yakiisha, wazee wa ukoo huenda ukingoni na unga wa mtama na majivu kidogo, wakanyunyiza majini, wakawataja waliotangulia. Ni jambo la mara moja kwa mwaka. Hidaya lakini alilifanya kila alipoinua mgono. Unga wa kubana kwa vidole viwili tu. "Ukila kwa mtu, mwachie naye tonge," alisema. Sasa mkono ule haupo, na ziwa, Mwinjuma aliwaza, lina njaa. Akaanza kulitilia unga yeye. Vidole viwili, kisha kiganja. Lakini ule ulikuwa mwaka wa mvua mbaya, mtama wenyewe wa kula ulikuwa wa kubembeleza, na asubuhi moja alisimama ukingoni na kiganja cha unga bila kujua kama tonge hili ni la ziwa au la tumbo lake.

Siku hiyo alikwenda kambini na samaki wa kuhurumiwa. Huko alikuwako Maganga, Mnyamwezi aliyechunga maksai wa kuvuta mataruma ya reli.

"Mtani," Maganga akamwita toka mbali, "leo umekuja na samaki au na miiba?"

"Samaki wamekwisha."

"Hawajakwisha. Wamemfuata mkeo. Alikuwa na akili sana yule mwanamke, amekukimbia mpaka ahera, akajua mvivu kama wewe hutamfuata upesi."

Mtu mwingine angesema hivyo pangezuka ugomvi. Lakini Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na mtani ana ruhusa ya kugusa kidonda ambacho ndugu hathubutu kukitazama. Na ukweli ni kwamba tangu msiba, Maganga peke yake ndiye aliyemtaja Hidaya mbele yake. Wengine wote walilikwepa lile jina kama shimo la njiani. Mwinjuma akacheka mpaka akajishangaa.

"Angekufuata wewe basi," akajibu, "kama si harufu yako ya zizi."

"Harufu hii inalisha watu, mtani. Njoo uone."

Akampeleka nyuma ya zizi. Palikuwa na chungu ya samadi ya maksai, imepanda kama kichuguu, na pembeni yake mbegu za maboga zilizotupwa na wapishi zilikuwa zimeota zenyewe. Mwinjuma hakuwahi kuona maboga kama yale. Jani moja lingetosha kumfunika mtoto mvua. Kwao milimani watu walifuga mbuzi wachache na kuku. Samadi ya ng'ombe wengi namna ile ilikuwa kitu kigeni, kimekuja na reli.

"Nani kapanda?"

"Hakuna aliyepanda. Maksai wamekula, wamekunya, basi."

Mwinjuma akayatazama maboga kwa muda mrefu. Alikuwa anaona ziwa. Kama shamba hula hiki likanenepa, na ziwa nalo hulishwa kama tujuavyo, kwa nini lisile?

"Mtani, haya unayafanyia nini?"

"Mavi? Nakaa nayatazama. Chukua yote, mwachie Mdachi harufu."

Akachukua kikapu kimoja. Alikitua ukingoni, akamwaga polepole, akataja majina aliyoyasikia wazee wa ukoo wakiyataja, na mwisho akalitaja la Hidaya. Tena, baada ya siku kadhaa, kikapu kingine.

Na ziwa likaitika. Maji yaliyokuwa meupe yakaanza kupata rangi, kijani chepesi kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Ndani ya bakuli viroboto vikazidi. Kwanza vichache, kisha vingi, kisha ikawa kama bakuli zima linachemka bila moto. Mwinjuma aliinama juu yake mpaka pua ikagusa maji. Na katika migono perege wakaanza kuingia, wachanga kwanza, halafu wenye migongo mipana.

Mambo aliyokuwa akiyaona yana maelezo, na maelezo yenyewe ni mazuri kama hadithi. Ndani ya maji ya ziwa mna mimea midogo isiyoonekana kwa jicho; ni rangi yake tu tunayoiona ikiwa mingi. Mimea hiyo hula virutubisho vilivyoyeyuka majini, vile vile vinavyonenepesha boga. Viroboto vya maji huchunga mimea hiyo kama mbuzi, na samaki wadogo huwala viroboto. Wasomi wa maji huviita vyote viwili, vimea na vidudu vinavyoelea, planktoni. Tia virutubisho kidogo, malisho yanaongezeka, na mbuzi wanaongezeka, na mchungaji ananenepa. Mwinjuma hakuwa na neno hilo, lakini hakukosea. Kufikia hapo hakukosea hata kidogo.

Asia alikuja kuchukua sehemu ya ukoo, akamshika perege mmoja mkiani, akamgeuza.

"Shemeji, hawa umewanyonyesha?"

"Nalilisha tu ziwa."

"Kama wifi?"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Mwinjuma akainama, akajifanya anafunga mgono. "Kama yeye," akasema. Asia alidhani ni unga, naye Mwinjuma hakumsahihisha. Aliona haya kusema kwamba vitu vya tambiko la ukoo amevibadilisha kwa mavi ya maksai wa Mdachi.

Sahani ya Yunusi ilijaa kiangazi kile. Waliouliza walionyeshwa.

Siku moja Maganga akamwambia kwamba reli inasonga mbele kwenda Kilosa, na kambi inaondoka na maksai wake. Alilisema kwa mzaha, kama desturi yake. "Sasa utabaki na nani wa kukutukana, mtani? Itabidi ujitukane mwenyewe."

"Nitajifunza."

"Chukua chungu yote basi. Ndiyo urithi wako. Mimi kwetu nitakwenda mikono mitupu, wewe umeachiwa mlima."

Mwinjuma akaichukua yote. Hilo ndilo lililokuwa kosa, nalo lilitokana na hofu. Aliwaza: kambi ikiondoka, samadi haitapatikana tena, samadi isipopatikana, ziwa litarudi kwenye njaa, ziwa likirudi kwenye njaa, sahani itakuwa tupu. Alibeba kichwani toka jua linachomoza mpaka linazama, siku baada ya siku. Na kwa kuwa Hidaya hangeweza kumwambia basi inatosha, alimwaga karibu yote. Kilibaki kikapu kimoja tu, akakiweka pembeni ya mlango kwa ajili ya dharura. Tena ilikuwa kiangazi kikali, maji yamepungua, ziwa limejikunja katikati ya matope yake. Hata mgonjwa ukimlisha chakula cha harusi utamwua.

Siku aliyokwenda kumuaga Maganga, alikuta kambi imekwisha ondoka. Palikuwa na mashimo ya nguzo, na jivu, na pale chungu ilipokuwa ardhi ilikuwa na unyevu mweusi. Akasimama pale kitambo, akasema kwa sauti, "Mvivu mkubwa wewe." Lakini haikumchekesha.

Aliporudi, kijani cha ziwa kilikuwa kimegeuka. Si tena maji ya mchicha. Juu ya maji palikuwa na utando mzito, umesukumwa na upepo ukajikusanya upande mmoja, kijani cha kuwakawaka kama rangi ya mlango wa duka. Akachota kwa bakuli. Ndani mlikuwa na nyuzi nyuzi na madonge madogo, yanaelea. Akangoja yatulie. Akangoja sana. Hakikuruka kitu.

Malisho yalikuwa yamebadilika. Virutubisho vikizidi mno, mimea ile laini hushindwa na jamii nyingine ya kijani, ile inayojishikamanisha ikawa nyuzi na mafundo yasiyomezeka. Kiroboto hawezi kuyatafuna, kama vile mbuzi asivyoweza kula mwamba. Chungu ya kijani juu, na chini yake giza, na katika giza vitu vinakufa na kuoza, na kila kinachooza kinakula hewa iliyomo majini. Mchana uharibifu hauonekani. Hujitokeza alfajiri, maana usiku kucha hewa imetumika bila kuongezwa.

Alfajiri moja Mwinjuma alitoka akakuta ziwa lote lina midomo. Perege, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wamesimama wima majini, midomo juu, inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga. Akadhani wanaomba chakula. Mungu amsamehe, alinyoosha mkono kwenye kile kikapu cha mlangoni. Kisha akaona mmoja akilala ubavu, tumbo jeupe juu, halafu mwingine, na mkono ukarudi wenyewe.

Jua lilipokuja juu, ukingo ulikuwa mweupe kwa matumbo. Waliosalimika karibu wote walikuwa kambale, maana kambale hupanda juu akameza hewa kama mtu. Mwinjuma alizoa samaki wafu peke yake, akafukia peke yake. Hapakuwa na wa kumwambia. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa kati ya yale makaburi mawili, na safari hii hakutaja kwa sauti alichokuwa akikifanya.

Habari haifukiwi kwa jembe. Harufu ilifika Mlali kabla ya mchana. Ukoo ukakusanyika ukingoni, vitambaa puani. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema reli imekata mgongo wa nchi, na mizimu imekasirika. Mwingine alisema Wadachi wametia dawa mtoni ili watu waache kuvua waende kufanya kazi ya mkonge. Yunusi aliwasikiliza wote, akapiga chafya, akafuta macho.

"Lililo wazi ni kwamba ziwa lina njaa," akasema. "Tumelilisha kwa vidole, kama kuku. Nchi imeharibika, na sisi tunanyunyiza unga wa kubana. Safari hii tulishibishe."

Wakapanga hapo hapo. Mtama wa kila nyumba utolewe. Pombe ipikwe, imwagwe yote pamoja na machicha yake. Pumba za vinu vyote ziletwe. Mbuzi achinjwe ukingoni, damu na utumbo viende majini. Wanawake walikuwa wamekwisha kuhesabiana mitungi.

Mwinjuma alikuwa amekaa nyuma kabisa, kama inavyompasa mtu wa kuja. Hakuna aliyemtazama. Hakuna aliyemshuku. Lawama ilikuwa imekwisha pata pa kukaa: reli, na Mdachi, na mizimu. Yeye akinyamaza tu, wangesema shemeji naye maskini amepata hasara, watamwacha aendelee kukaa. Alihitaji tu kunyamaza, na kunyamaza alikuwa amekuzoea mwaka mzima. Lakini moyoni aliyaona machicha yale yakizama mahali perege wa mwisho walipokuwa wamejificha. Angebaki na nyumba, lakini kando ya tope tupu.

"Msilitilie kitu," akasema.

Sauti ilikuwa na kutu. Watu wakageuka.

"Halina njaa. Limevimbiwa. Mimi nimelishibisha." Akaeleza yote: kikapu cha kwanza, na maboga, na chungu nzima, na majina aliyoyataja. Hakuacha kitu. "Kidogo kilifaa. Mliwala wenyewe wale samaki. Nikadhani kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi."

Mzee mmoja akauliza taratibu, "Mavi, uliwataja wazee wetu juu ya mavi?"

"Niliwataja."

"Na dada yangu?" Yunusi akauliza.

"Naye."

Asia akafunika mdomo kwa kanga, na mabega yakatikisika. Ilikuwa vigumu kujua kama ni kilio au kicheko. "Wifi angecheka," akasema chini kwa chini. "Ngoja niseme ukweli, angecheka mpaka akae chini."

Yunusi hakucheka. Lakini alilitazama ziwa, akawatazama wanawake waliokuwa wakihesabiana mitungi, akasema mtama ubaki majumbani. Kisha akamgeukia Mwinjuma.

"Ningekwambia uondoke leo. Lakini katika sisi hakuna anayejua maji haya yakiwa mazima yanafananaje, ila wewe. Hidaya alikuonyesha. Basi utakaa uyatazame, usitie kitu, usitoe kitu. Siku yatakapopona utakuja kuniambia. Na siku hiyo ndiyo utafunga mzigo."

Hiyo ndiyo hukumu aliyopewa, na sijui kama kuna aliyeona ukali wake, hata Yunusi mwenyewe. Mtu aliwekwa kulinda kitu ambacho kupona kwake ndiko kufukuzwa kwake.

Akakaa. Kiangazi kikaisha kwa shida. Utando ukakauka ukingoni ukawa kama karatasi ya kijani, ukapeperushwa. Aliishi kwa viazi na majani ya kunde. Watu hawakumtembelea, si kwa chuki, hawakujua tu wamsalimie kama nani. Asia alimletea chumvi mara moja, akaiacha kizingitini. Kila asubuhi alichota, akaweka juu ya jiwe, akangoja. Nyuzi. Nyuzi. Asubuhi nyingine nyuzi zimepungua, na moyo wake, badala ya kufurahi, ukashtuka.

Halafu masika yakashuka toka Uluguru kwa kishindo. Mto ulijaa, ukaikumbuka kona yake ya zamani, ukapita kati ya matete na kulisuuza ziwa kama mwanamke anavyosuuza mtungi. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, kisha ya kahawia, kisha udongo ukatua.

Asubuhi alipoviona tena viroboto, vilikuwa viwili. Akadhani ni vumbi. Akageuza bakuli kidogo kuelekea mwanga. Kimoja kikapanda, kikateleza, kikapanda tena.

Siku ya pili vilikuwa vingi, na maji yana kijani kile chepesi. Katika matete akaona perege wachanga, wamekonda, wamesimama pamoja.

Kile kikapu cha samadi bado kilikuwa pembeni ya mlango, kimekauka, kimekuwa chepesi. Alikitazama. Kingetosha, labda si kuua, kuchafua tu. Kuyarudisha maji nyuma mwezi mmoja, miwili. Nani angejua? Yeye ndiye jicho la ukoo. Angeweza kukaa hapa akichafua kidogo kidogo mpaka afe, na wangemzika nyuma ya nyumba. Alikiinua. Akatembea nacho, lakini miguu haikushika njia ya ziwani. Ilishika ya Mlali, hadi kwenye bustani ya Asia, akakimwaga kwenye shina la maboga yake, akachanganya na udongo kwa mikono.

"Usizidishe," akamwambia Asia aliyekuwa anamtazama mlangoni. Kisha akaomba kuonana na Yunusi.

Walikwenda ziwani pamoja. Mwinjuma akachota, wakachuchumaa, wanaume wawili watu wazima juu ya bakuli moja. Yunusi hakuona kitu. Kisha akaona.

"Wanaruka."

"Wanaruka."

Yunusi akaendelea kutazama, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ungesema bado," akasema bila kuinua uso. "Ningekuamini."

"Najua."

"Subiri basi kunde zako ziive."

"Zile ni za ukoo, shemeji. Ardhi yenu."

Yunusi akatafuta ugoro wake, akaukosa, akajipapasa kifuani. Mwinjuma naye hakuomba abaki. Aliogopa kwamba akiomba atapewa, kisha kila wakipita watakumbuka kwamba walimwonea huruma.

Bakuli aliliacha kwa Asia. Alimwonyesha namna ya kungoja maji yatulie, na kwamba asihesabu viroboto, aangalie tu kama vimo. Alipalilia makaburi, akafagia nyumba, akaufunga mlango kwa kamba ya mgomba. Migono aliiacha ukutani. Alichukua jembe lake, lile lile alilokuja nalo.

Njia ya kupanda Uluguru ni ndefu kwa mtu aliyezoea tambarare. Ukungu ulimpokea nusu ya safari, na baridi aliyokuwa ameisahau tangu ujana. Alipita bustani za Wakristo wa misheni, mistari ya kabichi ikipanda mlima kama ngazi. Alisalimia, akaitikiwa, hakuna aliyesimama. Jioni ilikuwa haijaingia alipofika kwenye uwanda mdogo wa kwao. Nyumba aliyozaliwa haikuwapo. Palikuwa na nyingine mbili, na migomba mipya, na mwanamke kijana anayetwanga, aliyeuacha mchi ndani ya kinu alipomwona.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama."

"Karibu." Akamtazama miguu yenye tope, jembe, uso. Alikuwa na paji pana la uso, la upande wa mama yake Mwinjuma. Mwinjuma alilitambua papo hapo, na akangoja kutambuliwa.

"Samahani, babu," yule mwanamke akasema. "Wewe ni wa nani?"

Akamtajia jina la mama yake. Mwanamke akalirudia polepole, kama mtu anayeonja, akatikisa kichwa kidogo. Kisha akamvutia kigoda, akaingia ndani kuuliza.